Wingu Lisiloleta Mvua

Huku Vitengeni neno wingu halitamkwi ovyo. Mkulima wa nchi hii kavu hulitazama wingu kwa hamu na kulipima kwa rangi na mwendo wake, maana mahindi yake hutegemea mvua. Basi kijana akinena kwamba picha na hesabu zake zimo katika wingu, wazee wana haki ya kuuliza ni wingu gani hilo lisilonyesha.

Wingu hilo haliko mbinguni. Ni majumba yaliyojengwa ardhini, yenye walinzi, jenereta za akiba na mitambo ya kupoza joto, na ndani yake zimepangwa kompyuta maelfu kwa maelfu. Kampuni ya Amazon ilianza kukodisha kompyuta zake kwa njia hii mwaka 2006, na sehemu kubwa ya kazi ya kuiunda huduma hiyo ilifanywa na wahandisi waliokaa Cape Town, Afrika Kusini; jambo ambalo sisi Waafrika hatulitaji vya kutosha. Microsoft na Google zilifuata.

Huitwa wingu la umma, lakini neno umma lisikupoteze. Halina maana kwamba kila mtu huona mali ya mwenzake. Fikiri kioski cha maji. Aliyekuja na mtungi mmoja hulipia mmoja, mwenye mkokoteni wa mitungi kumi hulipia kumi, na hakuna aliyelazimika kuchimba kisima chake. Kadhalika, duka au shule hukodi nafasi kwa kadiri ya haja, ikaongeza au ikapunguza. Kwa mwenye fedha chache hii ni nafuu kubwa, wala siwezi kuitia ila.

Walakini bomba huweza kupasuka. Bomba la wingu ni nyaya zilizolazwa chini ya bahari. SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Aliyeweka vitu vyake ng'ambo hakuvipoteza; mkono wake tu haukuvifikia.

Bibi zetu waliweka mahindi katika uchaga juu ya meko, moshi ukafukuza wadudu, na mwenye mali akaiona kila siku. Amana ya sasa hukaa ugenini. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na ingawa haikuwa wingu la umma, mashine zake kuu zilikuwa Ujerumani mpaka zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Fedha iliyotumwa kutoka Vitengeni kwenda Malindi iliandikwa Ulaya!

Kwa hiyo ukiombwa jina, tarehe ya kuzaliwa na picha ya uso wako, uliza vitawekwa wapi na nani atashika ufunguo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuelezwa habari zako zinatumiwaje, kuziona, na kutaka zisahihishwe zikiwa na kosa.