Kuchagua Nta ya Motokaa Nyeupe

Watu wengi hudhani kwamba mwenye motokaa nyeupe hana kazi kubwa. Husema kwamba nyeusi ndiyo yenye taabu, kwa maana kila mkwaruzo huonekana juu yake kama chaki juu ya ubao. Neno hilo ni kweli nusu tu. Rangi nyeupe huficha mikwaruzo, lakini haifichi uchafu. Lami ya barabarani, utomvu wa miti, kinyesi cha ndege na vumbi jekundu la milimani, vyote huonekana wazi juu yake. Kwa hiyo mwenye motokaa nyeupe hatafuti kitu kile kile atafutacho mwenye motokaa nyeusi, na akinunua dawa kwa kufuata maneno ya jirani aweza kupoteza fedha zake, na pengine kuipoteza rangi yenyewe.

Karani mmoja wa serikali katika Kaunti ya Murang'a alilazimika kulichungua jambo hili kwa makini, kwani motokaa iliyohusika haikuwa yake. Ilikuwa mali ya baba yake, Peugeot 504 nyeupe iliyonunuliwa mwaka 1978. Wakulima wa kahawa waliokuwako wanaikumbuka miaka ile. Baridi kali iliiharibu mikahawa ya Brazili mwezi wa Julai 1975, na bei ya kahawa ikapanda duniani kote katika miaka ya 1976 na 1977. Wengine walijenga nyumba za mawe, wengine walilipa karo. Mzee huyu alinunua motokaa, na mwaka uo huo Peugeot 504 ikashinda Safari Rally, kama ilivyoshinda mwaka 1975, hata akaona kwamba hakukosea.

Sasa mjukuu wake alikuwa karibu kuolewa, na mzee alitaka bibi arusi apelekwe kanisani katika motokaa ile. Lakini rangi ilikuwa imepauka, na mtu akiigusa mkono ulitoka na unga mweupe. Mwanawe mkubwa alishauri ipelekwe gereji, isuguliwe kwa mashine.

"Baba, ni kazi ya siku moja tu," alisema. "Itang'aa kama sahani mpya."

"Na rangi itabaki?" mzee aliuliza. Kisha akamgeukia karani. "Wewe, mwanangu, umezoea kusoma mafaili. Tafuta habari kwanza, ndipo tuamue."

Jambo la kwanza alilolipata karani ni kwamba polishi na nta ni vitu viwili, ijapokuwa madukani huwekwa pamoja na watu huviita kwa jina moja. Polishi ina chembe ndogo sana, kama msasa laini, nayo huondoa tabaka jembamba la rangi iliyokufa. Nta haiondoi kitu, bali hukaa juu ya rangi na kuikinga na maji, jua na uchafu. Kuna na makopo yenye vyote viwili ndani yake. Kwa sababu hiyo yafaa mnunuzi asome maandishi ya kopo mpaka mwisho, asitazame picha tu.

La pili ni aina ya rangi. Motokaa za siku hizi zina vanishi isiyo na rangi juu ya rangi yenyewe, desturi iliyoenea tangu miaka ya 1980. Motokaa za zamani zilizopakwa rangi nyeupe ya kawaida, nyingi hazina vanishi hiyo, na kinachosuguliwa ni rangi yenyewe. Ule unga mweupe ni dalili kwamba jua limekwisha kuvunja gundi inayozishika chembe za rangi. Karani alichukua kitambaa cheusi, kwa kuwa cheupe kisingeonyesha neno, akatia polishi kidogo, akasugua mahali pa siri chini ya mlango. Kitambaa kikatoka cheupe. Basi hapakuwa na vanishi.

Alipoutazama ukingo wa boneti aliona pia doa la kijivu. Ile ilikuwa rangi ya chini, ambayo hupakwa juu ya bati kabla ya nyeupe. Kwa miaka mingi vijana wa nyumbani walikuwa wakiisugua motokaa kwa dawa nzito kila Krismasi. Tabaka zote za rangi juu ya bati, zikiwekwa pamoja, hazizidi sana unene wa karatasi ya kuandikia, na kwenye kingo na kona rangi huwa nyembamba zaidi. Mashine mikononi mwa mtu mwenye haraka ingalifika kwenye bati upesi sana, wala hakuna nta iwezayo kurudisha kilichoondoka.

La tatu lilikuwa kuchagua nta yenyewe. Nta mashuhuri ni ya karnauba, itokayo katika majani ya mti mmoja wa jamii ya mitende, unaomea kaskazini-mashariki ya Brazili. Ni ngumu, nayo huyeyuka katika joto lipitalo digrii 80 za Selsiasi, hali nta ya nyuki huyeyuka karibu na digrii 63. Ndiyo sababu nta ya nyuki peke yake, ifaayo sana kwa viatu na meza, huwa laini juani na kushika vumbi. Lakini sifa kubwa ya karnauba ni kuipa rangi ya giza kina na uvuguvugu, na juu ya nyeupe uzuri huo hauonekani sana. Nta za kutengenezwa viwandani hazina sifa hiyo, bali hudumu muda mrefu zaidi na hukaa safi bila kuleta umanjano. Karani akachagua polishi laini kuliko zote dukani, ya kutumiwa mara moja tu kwa mkono, na nta ya kiwandani isiyotiwa rangi.

Kazi ilifanywa Jumamosi, kivulini, boneti ikiwa baridi. Kwanza motokaa ilioshwa vizuri, kwa maana uchafu ukifungiwa chini ya nta huifanya nyeupe kuwa ya kijivu. Matone ya lami yalitolewa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha mahali pale pakaoshwa tena kwa sabuni. Polishi ilipakwa kwa mkono mwepesi, bila kugusa kingo. Nta ikafuata, nyembamba, sehemu moja baada ya nyingine, nao watoto wakaonywa wasiipake kwenye mipira myeusi ya madirisha, kwa kuwa huacha madoa meupe yasiyotoka upesi.

Motokaa haikung'aa kama sahani mpya. Ilikuwa nyeupe safi, maji yaliteleza juu yake, na doa la boneti lilibaki pale pale. Mwana mkubwa alisema kwamba afadhali boneti ipakwe rangi upya kabla ya arusi.

"Iache," mzee alijibu. "Mimi nina mvi, na kanisani nitaingia. Nayo itaingia hivyo hivyo."

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Rangi ya motokaa ni akiba iliyowekwa mara moja tu. Kila polishi ni fedha inayotolewa katika akiba ile, na nta ni kufuli ya sanduku. Mwenye motokaa nyeupe na aitoe polishi kwa nadra, aifunge kwa nta mara kwa mara, wala asikipime kitambaa chake kwa jinsi motokaa inavyong'aa, bali kwa rangi iliyobaki juu ya kitambaa hicho.