Ua la Mama

Mwaka jana nilinunua Dar es Salaam okidi iliyokwisha kuchanua, nikaileta Heru Juu iwe zawadi kwa mama yangu. Maua yake meupe yafanana na nondo, yule kipepeo wa usiku. Ndiyo sababu mwaka 1825 mtaalamu Blume aliiita Phalaenopsis, yaani mfano wa nondo.

Mama aliipenda mno, akawa akiimwagilia maji kila asubuhi kama mchicha wake. Punde majani yakalegea. Nilipoitoa chunguni nikakuta mizizi mingi imeoza. Kumbe huko kwao, katika misitu ya Asia, mmea huu huota juu ya magome ya miti, na mizizi yake hupigwa na upepo.

Tukakata iliyooza, tukaipanda katika vipande vya magome, mbali na jua kali na baridi ya usiku. Sasa hupewa maji pale tu mizizi ya kijani igeukapo rangi ya fedha. Maua yote yalipukutika, lakini juzi jani jipya lilichomoza.

Mama akaniambia, "Mwanangu, kumbe nilikuwa nikiiua kwa kuipenda."

Ndugu msomaji, huruma nayo yahitaji elimu.