Zenit ya mjomba: nusura tuingizwe mjini

Basi bwana, jamaa mmoja alifika kwa mjomba hapa Ngamiani, Barabara ya 12, akiitaka kamera yake ya zamani. Akaigeuzageuza, akasonya. "Mzee, hiki chuma chakavu. Nakupa elfu kumi." Mjomba, anayehangaikia pesa ya miwani, keshanyoosha mkono.

Nikasema subiri kwanza, Mjomba.

Kamera yenyewe Zenit-E, kazi ya Warusi. Namba ya mgongoni inaanza na 75, na kwa kamera za kiwanda cha Krasnogorsk tarakimu mbili za mwanzo ndizo mwaka. Haina habari na betri. Nikavuta, nikabonyeza: kwenye 30 ikalia taratibu, kwenye 500 chap! Nzima. Ila sindano ya kupimia mwanga imekufa.

Msinione mjanja sana lakini. Zenit-E zilitengenezwa kwa mamilioni, si dhahabu. Macho ya jamaa yalikuwa kwenye lenzi, Helios 44-2. Siku hizi wenye kamera za dijitali wanaifunga kwa pete maalumu, maana picha zake vitu vya nyuma huonekana kama vinazunguka. Nikaifungua, nikaimulika kwa tochi ya simu. Aa, hewa yetu ya bahari hii! Kuvu pembeni, kama utando wa buibui. Nikamwonyesha jamaa, sikuficha.

Tukamalizana kwa elfu sitini. Mfuko wa ngozi mjomba kagoma kuutoa. Unaning'inia msumarini, humo anaweka vidonge vyake vya presha.