Injini kubwa kwenye 109 ya Baba Mkubwa

Najua kimya kimekuwa kirefu. UE zilitubana kichizi, halafu nikakimbilia nyumbani Sumbawanga. Na kabla hamjaanza utani wenu: hapana, sikusafiri kwa ungo, nilipanda basi kama nyie. Sasa likizo yangu karibu yote imeliwa na kitu kimoja: Land Rover 109 ya Baba Mkubwa, na ubishi wa tuifunge injini gani.

Kwa wale wa mjini waliozoea Vitz, 109 ni inchi, umbali wa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kama mita 2.77 hivi. Hii yetu ni Series III, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Bodi ya alumini, springi za majani, breki za ngoma magurudumu yote manne. Injini yake ni dizeli ya cc 2,286 yenye nguvu za farasi kama 60 tu ilipokuwa mpya. Usicheke, lakini Vitz ya cc 1,000 inaizidi.

Na kazi yake si ya Vitz. Gari hili linafanya kazi ya Ntendo kwenda Muze, kule bonde la Ziwa Rukwa. Aliyefika Ufipa anajua: sisi tunakaa juu, mji wa Sumbawanga uko kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko kama mita 800. Katikati kuna ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Kwenda unashuka na maharage, bidhaa za dukani na abiria. Kurudi unapanda na mpunga, samaki na abiria wengine. Injini ya zamani ilikuwa inapanda kwa gia ya kwanza na ya pili, moshi mweusi nyuma, ikichemsha njiani, utingo mkononi ana jiwe la kuwekea tairi. Mwaka jana ikaanza kula oili, kompresheni hakuna. Ovaholi au injini nyingine.

Baba Mkubwa alishaamua moyoni: 1HZ ya Toyota. Mnaijua, ile ya Land Cruiser za serikali na za hospitali, silinda sita, cc 4,164. Kila fundi Tanzania hii anaijua na spea zake zipo. Alishauza mahindi, hela iko kwenye bahasha. Akaniita mbele ya fundi: "Haya msomi wa Mlimani, hebu sema na wewe. Au kule mnasoma makaratasi tu?"

Nikaanza na hewa, kwa sababu huku kwetu ndiyo inayokosekana. Kwa mita 1,800, mgandamizo wa hewa umepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Injini inayovuta hewa yenyewe, iwe ndogo iwe kubwa, inapata hewa pungufu, na dizeli isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote. Ndio ule moshi mweusi. Tabo inasukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo mlima hauiumizi sana. Baba Mkubwa akanielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Akasema mbona hayo ni mambo ya malungu. Malungu ni yale matanuru marefu ya udongo ambayo wazee wa Kifipa walikuwa wanayeyushia chuma. Lile kubwa lilijivutia upepo lenyewe kupitia matundu ya chini, na baadaye chuma kikasafishwa kwenye tanuru dogo la pili, lililopulizwa kwa mivukuto. "Kwa hiyo wewe unataka yenye mivukuto," akasema. Ndiyo hiyo hiyo, Baba.

Fundi naye akaleta lake. 1HZ inaingia, amewahi kuiona kwenye 109, lakini ni ndefu na nzito. Lazima rejeta isogezwe mbele, springi za mbele ziongezwe, na kitengenezwe kiungo cha kuifunga kwenye giaboksi ya Land Rover, au giaboksi nayo ing'oke. Akapendekeza 200Tdi, injini ya Discovery za kwanza, ilianza kutoka mwaka 1989. Ni cc 2,495 tu lakini ina tabo, farasi 111, na inakaa kwenye giaboksi ya Series bila vurugu kubwa kwa sababu ni ukoo mmoja na ya zamani. Baba Mkubwa akanuna. Alitaka kubwa, sisi tunamletea ndogo yenye kelele ya filimbi!

Ubishi ulipofika hapo ndipo Mama Mkubwa, aliyekuwa anachambua maharage pembeni, akauliza: "Nyote mnaongelea kupanda. Nani anaongelea kushuka?"

Kimya, wadau.

Usiku nikachukua kalamu. Gari lenye mzigo, jumla tani 2.5, likishuka mita 1,000, nishati yote ile lazima iende mahali. Ukiigeuza yote kuwa joto, inatosha kuchemsha zaidi ya lita 70 za maji kutoka nyuzi 20. Gia ndogo inazuia kiasi, upepo unachukua kidogo, lakini dereva akiteremka na gia kubwa, mzigo wote unaangukia zile ngoma nne. Zikishapata moto sana breki inakuwa laini, unakanyaga inaenda tu. Sasa weka injini kubwa. Injini yenyewe haiongezi joto la kushuka, ila inamshawishi mwenye gari aongeze mzigo, kwa sababu "si linapanda?" Ongeza tani moja, unafika lita 100 na ushee. Ngoma ni zile zile za zamani. Na juu ya magunia wamekaa watu, wengine wa ukoo wetu.

Asubuhi nikamsomea Baba Mkubwa hizo lita. Hakusema kitu. Alikwenda akazunguka gari, akarudi akamwambia fundi, "Hiyo ya mivukuto ni kiasi gani?"

Ikapatikana iliyotumika, Mbeya. Kwa kuwa hatukununua 1HZ, hela ikabaki ya breki: ngoma mpya, viatu vipya, mabomba yote, na busta. Hapa Tdi ilitusaidia kwa jambo ambalo sikulitegemea: ina pampu yake ya vakyumu ya kuendeshea busta, dizeli ya zamani haikuwa nayo. Kazi ya kufunga ilichukua wiki mbili na nusu. Giaboksi ilikubali. Kilichosumbua ni bomba la moshi, maana kwenye injini ya Discovery tabo imekaa chini karibu na chesesi, ikabidi kukata na kuchomelea upya. Rejeta tumeweka kubwa zaidi.

Difu tumeziacha zile zile za uwiano wa 4.7. Nikapendekeza tufikirie 3.54 za 110, maana barabara ya Tunduma ni lami siku hizi na kwa 4.7 injini inapiga kelele mwendo ukizidi kidogo. Fundi akanijibu, "Sisi tunaenda Muze, hatuendi Tunduma." Hoja imepita. Kwenye mlima gia fupi ndiyo mali, kupanda na kushuka. Tena nguvu ikiongezeka kwenye giaboksi ya zamani, dereva lazima awe na mguu wa adabu kwenye klachi, la sivyo atavunja shafti porini.

Na jamani, msisahau kadi. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadili injini lazima gari likaguliwe na taarifa zibadilishwe TRA. Baba Mkubwa alilalamikia foleni siku nzima, lakini siku ya ajali au ya kuuza gari utaitafuta hiyo karatasi kwa machozi.

Safari ya kwanza nilikuwemo. Kupanda, gia ya tatu sehemu ambazo zamani ilikuwa ya pili, moshi kidogo, haijachemsha. Lakini kilichonifurahisha mimi ni kushuka. Dereva aliingiza gia ya pili kabla ya kona ya kwanza, na mzigo ulikuwa ule ule wa zamani. Mfanyabiashara mmoja pale Ntendo alitaka aongezewe magunia sita, "si mmefunga injini mpya?" Baba Mkubwa akamjibu kwa upole: injini ni mpya, mlima ni ule ule.

Haya, mimi nimerudi Mlimani, chumba kina joto balaa. Wenye magari ya wazee wenu, kabla ya kuuliza lita za injini, ulizeni ngoma zina umri gani. Wiki njema.