Nahodha wa nyambizi na watu waliozama

Katika msikiti wetu, hapa katikati ya Kariakoo, lipo kabati la vitabu lenye rafu tano. Nne zimejaa tafsiri za Qur'ani, vitabu vya fiqhi, sira na sarufi ya Kiarabu. Rafu ya tano, ile ya chini kabisa, ina hadithi za kubuni, na ndiyo iliyojadiliwa katika vikao vitatu vya kamati mwaka huu. Mimi ndiye katibu, na kumbukumbu za vikao hivyo nimeziandika kwa mkono wangu. Kwa kuwa suala lenyewe linaihusu kila nyumba yenye kijana anayependa kusoma, nimeona vema kuwashirikisha wasomaji wa ukurasa huu.

Kitabu kilichozua mjadala ni riwaya ya Mfaransa Jules Verne, iliyoanza kuchapwa kwa mfululizo mwaka 1869 na kukamilika mwaka 1870. Muumini mmoja aliinunua kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika akaitoa zawadi kwa kabati. Nakala yenyewe ni ya Kiingereza, imefupishwa, na jalada lake limeshikiliwa kwa gundi. Inasimulia habari za meli zinazogongwa baharini na kitu ambacho watu wanakidhani ni mnyama wa ajabu. Profesa Aronnax, mtumishi wake na mvuvi mmoja wa nyangumi wanakwenda kumwinda mnyama huyo, nao wanajikuta mateka ndani ya chombo cha chuma kinachotembea chini ya maji. Chombo hicho kinaitwa Nautilus, na nahodha wake anaitwa Nemo, jina ambalo kwa Kilatini maana yake ni "hakuna mtu".

Utaratibu wa kabati letu ni kwamba anayerudisha kitabu huandika maoni yake katika daftari, mistari michache tu. Vitabu vingi hurudishwa na neno "kizuri". Hiki kilirudi na kurasa kumi na moja za maoni, nami nitayaeleza kwa mpangilio wake, bila kutaja majina ya walioandika.

Wa kwanza alikuwa kijana fundi simu. Yeye hakushughulika sana na wahusika. Kilichomvuta ni chombo. Aliandika kwamba mwandishi alibuni nyambizi ya mita 70 inayoendeshwa kwa umeme, ilhali taa ya Edison ilikuwa bado haijawaka. Ni kweli. Katika miaka ile ya 1860 Seyyid Majid ndiyo kwanza alikuwa akiujenga mji huu wa Dar es Salaam, naye alifariki mwaka huo huo wa 1870 kabla hajaukamilisha. Wakati majumba ya kwanza ya mji wetu yanangoja mafundi, Ulaya mtu alikuwa ameketi akibuni vita vya chini ya bahari. Miaka 84 baadaye, mwaka 1954, Marekani ilishusha majini nyambizi ya kwanza ya nguvu za nyuklia, ikaipa jina lile lile la Nautilus.

Fundi huyo aliongeza jambo lililowafanya wazee wa kamati wainue vichwa. Alikumbusha siku ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu, na intaneti ikadorora nchini kwetu na kwa jirani zetu. Haikuwa vita, ilikuwa hitilafu tu. Lakini mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo anayeagiza mzigo China kwa simu alitambua siku ile kwamba riziki yake inapita katika waya uliolala kwenye giza la bahari. Kijana aliuliza: ikiwa hitilafu ilitufanyia vile, adui mwenye nyambizi atatufanyia nini? Kwake yeye, kitabu cha mwaka 1870 kilikuwa bado kinazungumzia kesho.

Maoni yaliyofuata yalihusu nahodha mwenyewe, na hapo ndipo sauti zilipopanda. Ustadhi mmoja aliyewahi kusoma riwaya nyingine ya mwandishi huyo, ya mwaka 1875, alieleza kwamba humo siri ya Nemo inafichuliwa: ni mwana wa mfalme wa Kihindi, Dakkar, ambaye mwandishi amemfanya mpwa wa Tipu Sultani. Alipigana na Waingereza katika uasi wa mwaka 1857, akapoteza nchi na familia yake, ndipo akaingia chini ya bahari na mali zake kulipiza kisasi. Habari hizo zilienea barazani upesi kuliko kitabu chenyewe. Vijana watatu waliandika, kila mmoja kwa maneno yake, kwamba Nemo alifanya sawa: amedhulumiwa, na kila aliye ndani ya meli ya adui ni adui.

Ndugu msomaji, maneno hayo hayakuandikwa hewani. Vijana wetu hulala na kuamka na picha za Ghaza katika simu zao. Wamekwisha kujifunza hasira kabla ya kukifungua kitabu chochote. Mjumbe mmoja wa kamati, mtu mwema na mwenye wivu wa dini, aliyashika maoni yale matatu akayaweka mezani. Hoja yake ilikuwa fupi: hadithi za uongo zinapoteza wakati, na hii inafundisha kuua. Alipendekeza rafu ya tano iondolewe yote. Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba wao wenyewe, walipokuwa vijana, walisoma vitabu vya Elvis Musiba wakijificha na taa ya chemli, wakamfuata mpelelezi Willy Gamba tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na hakuna aliyetoka hapo kuwa jambazi. Watu walicheka, lakini pendekezo lilibaki mezani.

Kabla ya kikao cha pili, daftari lilipata maoni ya mwalimu mmoja wa darsa la akina mama. Yeye aliwauliza wale vijana watatu kama kitabu wamekisoma hadi mwisho. Maana karibu na mwisho Nemo anaizamisha meli ya kivita isiyotajwa nchi yake, na mwandishi hamruhusu msomaji kushangilia. Anamweka Profesa mbele ya dirisha la kioo la Nautilus, aone maji yakiingia ndani ya meli na mabaharia wakipanda milingoti na kung'ang'ania kamba, hadi kiza kinawafunika. Kisha Nemo anaingia chumbani mwake. Ukutani mna picha ya mwanamke kijana na watoto wawili wadogo. Anapiga magoti mbele yao na kulia. Mwalimu aliandika kwamba katika meli ile pia mlikuwa na baba za watoto, na kwamba Nemo alilijua hilo, ndiyo maana kilio chake hakikumpa raha.

Maoni hayo niliyasoma kwa sauti kikaoni. Vijana wale, ambao walikuwa wamealikwa, hawakushawishika. Mmoja alisema, kwa adabu, kwamba wanaosafiri katika meli za kivita wamechagua wenyewe.

Hapo akazungumza mzee wetu mmoja, mwenye miaka themanini na zaidi, ambaye hajawahi kushika riwaya mkononi. Alisema kwamba baba yake mdogo aliuawa na nyambizi. Watu walinyamaza. Alisimulia kama alivyosimuliwa na bibi yake: kijana alichukuliwa katika jeshi la Waingereza wakati wa vita vya pili, akafundishwa mizinga, akapandishwa meli Mombasa, na haikurudi hata kofia yake. Nyumbani walisoma hitma bila kaburi. Kisha akamgeukia yule kijana akamuuliza: "Mwanangu, baba yangu mdogo alikuwa na ugomvi gani na Mjapani?"

Baada ya kikao nilikwenda kutafuta habari za meli hiyo, nikazipata. Iliitwa Khedive Ismail, jina la mtawala yule wa Misri ambaye katika enzi yake Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mapema mwezi wa Februari 1944 iliondoka Kilindini katika msafara wa meli kuelekea Colombo, ikiwa na watu wapatao 1,500. Karibu 1,000 kati yao walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Jumamosi ya tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa makombora ya chini ya maji. Ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Walikufa watu 1,297, wakiwamo wanawake zaidi ya 70, wengi wao wauguzi.

Lipo na jingine, zito zaidi. Waliookoka walikuwa bado wanaelea majini, na nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manowari za Kiingereza zilizoulinda msafara, Petard na Paladin, zilitakiwa kuchagua: kuwaokoa watu au kumfuata adui asije akazamisha meli nyingine. Mabomu ya kulipukia chini ya maji yaliangushwa, na baadhi ya waliokuwa wakiogelea waliuawa na wenzao wenyewe. I-27 nayo ilizamishwa siku hiyo hiyo, pamoja na takriban mabaharia wake wote. Hao nao walikuwa na wazazi.

Nilizisoma habari hizo katika kikao cha tatu. Kisha Imamu akaongeza maneno machache tu. Alikumbusha kwamba aliyezama ametajwa katika hadithi sahihi miongoni mwa mashahidi, na mzee wetu alifuta macho. Akakumbusha pia aya ya 8 ya Surat al-Maida, inayotukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki tuliyonayo kwa watu. Alisema aya hiyo haimwambii aliyedhulumiwa kwamba hakudhulumiwa. Inamwambia kwamba dhuluma aliyotendewa haimpi ruhusa ya kudhulumu.

Maoni yangu mimi niliyaandika mwisho, maana katibu husubiri wengine. Niliandika kwamba mtaa wetu wenyewe umebeba jina la vita: Kariakoo imetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza, waliopiga kambi hapa. Wapagazi wale walibeba mizigo ya ugomvi usiokuwa wao, wakafa kwa njaa na maradhi kwa maelfu. Tunauza na kununua kila siku juu ya jina lao. Kwa hiyo kijana wa mtaa huu anaposoma hadithi ya vita, iwe ya zamani au ya kubuniwa kwa miaka ijayo, ana haki ya kuuliza habari za watu wasiotajwa: wapishi, wapagazi, wapiga mizinga wa kukodiwa, na waliokuwa chini ya sitaha maji yalipoingia. Riwaya ya Verne, pamoja na mitambo yake yote, inastahili kusomwa kwa ajili ya lile dirisha.

Kamati iliamua hivi. Rafu ya tano inabaki. Kila hadithi ya vita itasomwa na watu wawili kwa pamoja, mkubwa na mdogo, na maoni yao yataandikwa katika ukurasa mmoja. Mjumbe aliyetoa pendekezo la kuiondoa alikubali, kwa sharti kwamba yeye awe mkubwa wa kwanza, na mdogo wake awe yule kijana aliyesema kwamba mabaharia wamechagua wenyewe. Sasa wanakutana baina ya Magharibi na Isha, nguzo ya tatu kutoka mlangoni. Wamefika pale ambapo Nautilus inapita karibu na Muscat, na wanabishana kama Nemo angeshuka kusalimia.

Wazazi wa mtaa, daftari lipo wazi, na kuna nafasi kwa jozi nyingine. Wabillahi tawfiq.