Msumeno wa Kalasinga

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kununua msumeno wa nakshi ukiwa mpya. Wa kwanza tuliachiwa, wa pili ulitoka kwenye rundo la mitumba Katwe, Kampala, na huu ninaoutumia sasa ulishazeeka Uingereza kabla haujapanda meli. Nazungumzia ule msumeno wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka papo hapo, huku wewe ukiuzungusha ubao kwa mikono miwili mpaka litoke ua, jina la mtu au korongo mwenye taji. Jinja na Mbale watu wengi wanaijua kazi yake tu. Wakiuona wenyewe hudhani ni cherehani.

Nilikulia Walukuba, Jinja, kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Baba alikuwa mtu wa reli. Jirani mmoja Mluo, mwingine Mteso, wa mbele Msamia, na uani palizungumzwa Kiswahili maana ndicho kilichotukutanisha sote. Mjomba hakufuata reli wala kiwanda cha nguo cha Nytil kama vijana wenzake. Alikuwa msaidizi kwenye karakana ya Kalasinga mmoja nyuma ya Main Street. Makalasinga wengi wa jamii ya Ramgarhia walikuja na reli ya Uganda wakiwa maseremala na wahunzi. Reli ikaisha kujengwa, wao wakabaki. Ukipita Main Street leo bado unasoma, juu ya maduka ya Wahindi, majina ya wenye mali na miaka ya ujenzi kwa herufi za saruji. Nakshi za saruji zimedumu. Za mbao, zile zilizokaa juu ya milango ili hewa ipite na zile zilizoning'inia kwenye ukingo wa paa la baraza, nyingi zimeliwa na mchwa au kung'olewa. Hizo ndizo zilizokuwa kazi ya karakana ile.

Msumeno wenyewe ulikuwa wa chuma cha kusubu, wa kukanyaga kwa mguu, na ubavuni uliandikwa Hobbies. Kampuni hiyo ilikuwa Dereham, Norfolk, na tangu 1895 ilitoa gazeti la kila wiki lenye michoro ya kukata: fremu za picha, vishubaka vya barua, makanisa madogo ya mbao. Wateja wake walikuwa makarani na wavulana wa shule waliotaka cha kufanya jioni baada ya chai. Chombo hicho cha kupitishia muda kilipofika Jinja kilikanyagwa toka asubuhi hadi magharibi, kikalisha nyumba mbili, ya Kalasinga na ya Mjomba. Nilipokuja kulijua hilo ukubwani nilicheka peke yangu. Jitu zima la kazi, kumbe lilizaliwa kuwa mchezo.

Mjomba alinifundisha kwa kunikalisha nitazame. Mchoro ulibandikwa juu ya ubao kwa uji wa muhogo. Kila sehemu itakayotobolewa ilitiwa tundu dogo kwa keekee. Bledi ilifunguliwa upande wa juu, ikapitishwa tunduni, ikafungwa na kukazwa hadi ukiigusa kwa kucha ilie sauti kali. Ndipo ukanyage. Nakshi moja ya juu ya mlango ilikuwa na matundu mengi, na kwa kila tundu bledi ilifunguliwa na kufungwa upya. Hapo ndipo mtu asiye na subira anapoondoka akatafute kazi nyingine.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Kalasinga alimwachia Mjomba msumeno, kopo la bledi na bunda la michoro iliyochorwa kwenye karatasi za kufungia bidhaa. Karakana ilipewa mtu mwingine, mmoja wa wale tuliowaita mafuta mingi, na yeye alitaka rafu na makaunta, hakutaka maua. Msumeno ukahamia Walukuba, chini ya kibanda cha bati nyuma ya nyumba ya Mjomba.

Bledi zikaisha. Zamani ungeweza kwenda kwa sonara, kwa sababu bledi ya sonara ina urefu karibu sawa na ya msumeno wa nakshi, inchi tano na ushei. Lakini masonara nao walikuwa Wahindi, wameondoka. Mjomba akawa ananunua saa mbovu za mezani, anaitoa springi, anaipasua vipande vyembamba na kuichonga meno kwa tupa ya pembe tatu, jino moja baada ya jingine, miwani puani. Bledi zile hazikuwa nzuri. Zilikata kwa kupinda na kukatika upesi, ila zilikata. Wakati ule hata sabuni ilikuwa ya foleni, na sidhani kama kuna aliyehitaji ua la mbao. Alichonga herufi za majina ya maduka mapya, na misalaba ya makaburi. Majeshi ya Tanzania yalipoingia Jinja Aprili 1979, askari mmoja aliagiza jina la mama yake likatwe kwenye kipande cha mvule apeleke nyumbani Songea. Alilipa kwa sukari.

Miaka michache baadaye Mjomba alimfuata mkewe Mbale, na msumeno ukaenda kwa treni kupitia Tororo, umefungwa magunia kama mgonjwa. Alipanga Namakwekwe. Nilikuwa nikimtembelea likizo, na kazi ya Mbale niliiona tofauti na ya Jinja. Jinja tulikata mvule, mti uliokuwa fahari ya Busoga. Mvule ni mti mzuri wenye hila: ndani ya ubao wake hukaa mawe, chokaa iliyoganda ndani ya mti wenyewe, na bledi nyembamba ikikutana nayo ndio mwisho wake. Unga wake nao huwasha ngozi na kubana kifua. Mjomba alikohoa miaka mingi na sisi tukasema ni sigara. Mbale alipata muringa, mwepisi na mtiifu, na vipande vya mti wa Elgon wenye mistari ya rangi ya zeituni, mgumu kama mfupa lakini ukikubali kukatwa ukingo wake hung'aa bila vanishi. Miaka ya shufwa, Agosti ikikaribia na ngoma za kadodi zikianza kupita barabarani kwa ajili ya tohara ya imbalu, watu waliagiza vibao vyenye umbo la kijana aliyesimama wima na fimbo mabegani. Vilitundikwa sebuleni. Naamini hizo ndizo kazi zake bora, kwa sababu michoro haikuwa ya Kalasinga wala ya Dereham. Aliichora mwenyewe.

Msumeno wa umeme ulikuja kwetu miaka ya 1990, wakati makontena ya vitu vilivyotumika yalipoanza kumwagwa Kampala. Hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu vijana huniuliza.

Kwanza tazama sahani ndogo ya mota. Mashine nyingi nzuri zinatoka Marekani na zimeandikwa volti 120 na Hz 60. Ukiichomeka kwenye volti 240 zetu, moshi utauona kabla ya kukata chochote. Transfoma itapunguza volti lakini haigusi mapigo ya umeme; mota ya kawaida ya mapigo 60 ikipewa 50 hupoteza sehemu moja kati ya sita ya mwendo wake. Kwa msumeno wa nakshi si msiba. Mbao ngumu hupenda mwendo wa polepole hata hivyo. Ila transfoma ni pesa, basi ihesabu kabla ya kusema umepata bei poa.

Pili, shika mkono wa juu na uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, bushi zimekwisha. Bushi huchongwa na fundi wa mashine yeyote mzuri, hivyo usikimbie, shusha bei. Mkono uliopinda au wenye ufa uache hapohapo, kwani chuma cha kusubu hakiungiki vizuri kwa kulehemu.

Tatu, na hapa ndipo wengi wananaswa, tazama jinsi bledi inavyofungwa. Mashine za bei nafuu hushika bledi zenye pini ncha zote mbili. Pini inataka tundu pana ipite, na nakshi ndogo haitoboki. Mashine nzuri hubana bledi tupu kwa skrubu, na hizo ndizo zinazokubali bledi za sonara, ambazo masonara waliporudi mjini zikaanza kupatikana tena. Mara nyingi vibanio vimeshapotea. Muuzaji atakuapia kwamba mashine imekamilika. Mwisho, mwambie aiwashe, weka sarafu imesimama juu ya meza yake, uone kama itaanguka kwa mtikisiko.

Niliyoinunua mimi Katwe muuzaji alinihakikishia ni ya Ujerumani. Alikuwa anaota ile Hegner, ambayo Wajerumani waliitengeneza ikawa mfano kwa wengine: mikono miwili inayokwenda sambamba ili bledi isilegee wala kupinda. Yangu ilikuwa nakala ya nakala hiyo, imeundwa Asia, imeuzwa Uingereza, imetupwa. Ilikata vizuri tu.

Utalii ukatukuta tukiwa na mashine mkononi. Tangu 1996 wageni walianza kuja Jinja kuvuka maporomoko ya Nile kwa mitumbwi ya mpira, na Main Street ikajaa maduka ya vinyago. Nilikata korongo, twiga na ramani za Uganda za plaiwudi, karatasi nne zikifungwa pamoja na kukatwa kwa mkupuo mmoja. Zilinunuliwa. Nilizichoka. Twiga hata hatumwoni Jinja.

Mwaka 2006 maji ya Ziwa Viktoria yaliposhuka, mgao wa umeme ukawa wa kutwa nzima. Tuliokaa kando ya bwawa la Owen Falls tulikaa gizani sawa na wengine. Wenye maagizo walikuja juu. Nikapanda matatu hadi Mbale, nikamwomba Mjomba aniazime ule wa kukanyaga, na ukarudi Jinja baada ya miaka yote ile ukafanya kazi kama haukuwahi kuondoka, mchana kutwa, bila jenereta.

Kisha ikaja leza. Siku hizi peleka mchoro kwenye simu, lipa, na bodi ya MDF itakatwa mbele ya macho yako kabla hujamaliza soda. Kwa herufi za duka na zawadi za harusi mia mbili zinazofanana, sina la kubishana. Leza ni bora na nimewapeleka wateja wangu huko mwenyewe. Ukingo wake huwa mweusi wa kuungua, na haipendi ubao mnene, lakini mteja haulizi hayo. Hivyo biashara imeniondoka, na sikulia. Sasa nakata Jumapili na jioni, nakshi za juu ya milango, kwa michoro iliyobaki ya Kalasinga, kwa nyumba yangu na za rafiki wawili watatu walio na subira. Nimekuwa kama wale makarani wa Norfolk.

Niliwahi kufika Unguja nikaenda moja kwa moja kuiona Dispensari ya Zamani pale ufukweni, iliyoanzwa kujengwa 1887 na Tharia Topan, ikarekebishwa na shirika la Aga Khan miaka ya 1990. Roshani zake za mbao zilizotobolewa nilizitazama hadi mlinzi akaja kuniuliza natafuta nini. Nilikuwa naitafuta mikono ya mafundi, na katika baadhi ya mizunguko nilidhani naijua. Unguja wamezirudishia rangi. Jinja, iliyotangazwa kuwa jiji mwaka 2020 pamoja na Mbale, bado wenye majengo wanang'oa mbao za baraza na kuweka madirisha ya alumini.

Mjomba alipofariki, binamu zangu walitaka kuuza msumeno wa kukanyaga kwa kilo. Wanunuzi wa chuma chakavu hupita Namakwekwe na mizani kila wiki, na mzigo wao huishia kwenye tanuri za viwanda vya nondo, vingine hapahapa Jinja. Huko ndiko zilikoishia randa za chuma, jiliwa na misumeno ya karakana nyingi za kale. Niliwalipa binamu zangu bei ya mashine, wakashangaa.

Kwa hiyo, wewe mwenye stoo ya babu Jinja, Iganga, Tororo au Mbale, kabla hujamwita mtu wa mizani, washa taa uangalie. Ukiona gurudumu, pedali na mikono miwili myembamba, usiiuze mashine hiyo kwa kilo. Mtafute seremala kijana, mwuzie kwa bei atakayoiweza, na kama kuna kopo la bledi, mpe pamoja nayo.