Sukari Tuliyoisingizia Mahamri

Mwaka uliopita, hapa Githurai 45 tulikohamia kutoka Mombasa, tulimdhulumu mama watoto. Ana kisukari, na kila asubuhi hupima damu na kuandika daftarini. Siku nyingi kipimo husoma 7; kisha hufuata siku kadhaa za 9 au 10, ilhali chakula hakikubadilika. Sisi, tunaodarsisha watu juu ya dhana mbaya, tukamuuliza kama anakula mahamri kwa siri. Alinyamaza, nasi kunyamaza kwake tukakufanya ushahidi.

Muuguzi mmoja alimshauri aandike pia siku za hedhi. Baada ya miezi mitatu tuliona wenyewe: sukari hupanda siku chache kabla ya damu, kisha hushuka. Homoni ya estrojeni husaidia mwili kuiitikia insulini. Projesteroni, inayozidi katika nusu ya pili ya mzunguko, aghlabu huupunguza mwitikio huo, ingawa si kwa kila mwanamke. Kwa mjamzito, homoni za kondo huipinga insulini zaidi. Ndiyo maana wengi hupimwa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Hedhi inapokoma, estrojeni hupungua na sukari huweza kusumbua upya.

Fiqhi ya hedhi tuliisoma madrasa, siku kwa siku, hata istihadha. Hili hatukulijua. Tumemwomba radhi. Amelipeleka daftari kwa daktari, maana dawa hazibadilishwi kwa kukisia. Jana kipimo kilisoma 9, hatukuuliza kitu.